Asubuhi Niliyochuma kwa Mkono Mmoja

Nyinyi vijana wangu mtakaosoma hii, kaeni vizuri na msicheke. Nitaandika neno titi mara nyingi. Ni neno la mwili, si tusi. Mimi nilisoma hadi darasa la nne tu, maneno ya kuzungushazungusha sina.

Titi langu la kushoto lilikatwa kwa sababu ya kansa. Baadaye nikachomwa na ile miale ya hospitali mpaka ngozi ya kifua ikakauka, nikapona. Nikashona kifuko, nikakijaza nyuzi za sweta kuukuu, nikawa nakiweka ndani ya sidiria. Siku moja nikiinama shambani, kikatoka kikaingia kikapuni pamoja na majani ya chai, nami sikujua. Karani wa kituo cha kupimia majani ndiye alikipata. Alikiinua juu akauliza ni mtoto wa nani amepoteza mpira. Wanawake kwenye foleni walijua ni nini. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliniuma.

Kliniki iliyofuata nilimwambia daktari nataka titi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alinieleza kwamba ngozi iliyochomwa hivyo inahitaji nyama nyingine, kwa hivyo atachukua msuli na ngozi ya mgongo, chini ya bega, avilete mbele. Akaniwekea kidole hapo. Kisha akaniuliza kazi yangu. Nikasimama nikamwonyesha: mikono miwili inachuma, inatupa juu ya bega, inarudi. Akarudisha kidole pale chini ya bega.

"Huo msuli ndio unasaidia mkono kuvuta. Miezi kadhaa hutabeba kikapu. Wengi hurudi kazini, mama, lakini mkono wa kuchuma chai kutwa nzima, huo siwezi kukuahidi."

Akanipa hadi Jumatatu nimpe jibu.

Nyumbani nilimweleza kijana wangu mkubwa na mke wake, ambao tunakaa nao boma moja. Kijana alitazama viatu vyake. Alisema nimeshapona, nina wajukuu, mambo ya kupasuliwa tena ni ya nini. Halafu akasema, "Na ni nani ataliona, mama?"

"Mimi," nikamwambia.

Mke wake alikusanya vikombe akaenda jikoni.

Jumamosi niliamka mapema nikajifunga mkono wa kushoto mbavuni kwa leso, nikaikaza. Daktari hakuniambia nifanye hivyo. Ni mimi nilitaka kujua mbaya zaidi itakuwaje. Nikavaa kikapu nikaingia kwa mistari yangu ya chai.

Chai yataka mikono miwili. Ukiwa na mmoja, unavuta jani na tawi linakufuata. Bega la kulia lilianza kuwaka kabla umande haujakauka. Nikakasirika, nikaanza kung'oa ovyo, majani magumu pamoja na machanga, nikijua ninachofanya. Nilipofika kituoni karani alimwaga kikapu, akayapekua, akayasukuma kando.

"Haya yanarudi, mama. Leo umechumiwa na nani?"

Miaka yote niliyochuma huku Kimulot, sikuwa nimerudishiwa hata kiganja kimoja. Nikayarudisha kikapuni mbele ya watu, kwa mkono ule mmoja.

Mke wa kijana wangu alinikuta njiani. Aliona leso, akaelewa bila kuuliza. Alinivua kikapu akakiweka chini.

"Mama, si aibu inatusumbua," akasema. "Ukilala hospitali, mistari yako itachumwa na nani? Nina yangu, nina ng'ombe, nina watoto. Bwana yangu hajawahi kuvaa kikapu tangu anioe. Wewe ukisema ndiyo, ni mgongo wangu unausemea."

Nilitaka kumfokea. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini tangu nitoke hospitali, ni yeye peke yake alikuwa ameniambia ukweli. Nikamwambia anifungue ile leso. Damu iliporudi mkononi iliuma kama siafu, nikakaa ukingoni mwa shamba nikihesabu. Boma letu lina watu wazima wanne. Wanaochuma ni wawili, na wote wawili tulikuwa pale njiani.

Jumapili baada ya kanisa niliwaita wote sebuleni, pamoja na kitinda mimba wangu wa bodaboda, ambaye alikuwa ameshika helmeti tayari kutoka. Nikamwambia aiweke chini.

"Kesho naenda kumwambia daktari ndiyo," nikasema. "Mkono ukikataa kurudi, umekataa, nitatafuta kazi nyingine ya kufanya hapa. Wewe mkubwa, mistari yangu ya juu ni yako. Wewe mdogo, ya chini, kabla ya kuwasha hiyo pikipiki. Mke wa mtu asiguse hata mmoja. Mkirudishiwa majani, mtarudi shambani kuchuma mengine, na mtu asije kunilalamikia kitandani. Sasa inukeni, mkavae vikapu, niwaonyeshe jani la kuchuma ni lipi."