Plamu Aliyekataa Kuamkia

Harufu ya plamu zinazochemka na sukari juu ya kuni za miwati hunigeuza mtoto hapo hapo, hata nikiwa katikati ya mtihani wa hesabu, mahali ambapo kwa kweli sihitaji msaada zaidi wa kupotea. Msimu ule nilikuwa darasa la sita, na nyumba yetu pale kijijini Gare ilinukia hivyo kuanzia jikoni hadi kwenye sketi yangu ya shule. Mama na wenzake wa kikundi walikuwa wamechoka kumpa mchuuzi wa lori plamu zao kwa bei anayojisikia, wakaamua kupika jamu. Lakini plamu hazina subira: leo zimeiva, kesho nyuki, keshokutwa siki. Mama ndiye aliyewashawishi wenzake, nao wakampa gulio moja tu. Jamu isipotoka siku hiyo, wanarudi kwa mchuuzi na ndoo zao, vichwa chini.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, wahenga hao hawakuwahi kukaa nyuma ya meza ya jamu wakitazamwa na mbuzi tu. Binamu yangu Shafii, aliyekuwa anasomea biashara chuoni Tanga, alikuja likizo na maneno mawili mapya. La kwanza ni nembo: akachora plamu yenye jani moja ndani ya duara, ikabandikwa kwenye kila chupa. La pili ni maskoti: plamu ile ile, ila sasa ina macho na miguu, inatembea sokoni. Alitueleza kwa sauti ya mhadhiri kwamba nembo ni kama sahihi, kazi yake ikumbukwe. Maskoti ni kama mtu wa nyumbani, kazi yake apendwe. Ndani ya maskoti nikaingizwa mimi, kwa kuwa nilikuwa mfupi, nimenenepa vizuri, na walimu watatu walishathibitisha kwamba siwezi kutulia.

Vazi lenyewe lilikuwa tenga la kubebea kabichi, limevishwa kitenge cha zambarau na kujazwa majani makavu ya migomba. Lilikuwa na matundu mawili ya kuonea na hakuna hata moja la kupumulia. Shafii alinipa sheria moja: "Maskoti haongei. Ukifungua mdomo tu, umeharibu biashara." Mimi, kunyamaza! Hata Mama alicheka.

Siku ya gulio nilicheza mpaka majani yakanichoma mgongo. Watoto walinifuata wakipiga kelele, nikawatikisia kiuno wauza kabichi, na wanawake wawili wakasogea, wakazishika chupa. Ndipo akaja Bibi Mwanaidi, muuza miche, mkongwe kuliko wote pale sokoni. Akasimama mbele yangu. Akasubiri. Nikampungia mkono. Akazidi kusubiri.

"Huyu mtoto wa nani?" akauliza.

"Si mtoto, Bibi, ni maskoti," Shafii akajibu.

"Ana macho? Ananiona?"

"Anakuona, Bibi."

"Basi shikamoo yangu iko wapi?"

Muuza kabichi akadakia, "Jamani, jamu ya wasio na adabu hiyo!" Kupitia matundu yangu nikawaona wale wanawake wawili wakizirudisha chupa mezani polepole, na Mama akiikunja ncha ya khanga yake, akiikunjua, akiikunja tena. Kwenye chupa, nembo ilitulia zake bila wasiwasi. Nembo haina miguu. Hakuna anayeidai salamu. Lakini ukishajipa miguu ukaingia sokoni kwa Washambaa, wewe ni mtoto wa mtu.

Nikapiga goti. Tenga likanielemea, nikabingirika hadi miguuni pake, na kutoka ndani kabisa ya majani ya migomba nikapayuka, "Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mwanangu." Akaniinamia, akanibonyeza tumbo kama anayechagua tunda. "Adabu unayo, ila hujaiva. Haya, nipeni ndugu zake wawili walioiva."

Soko zima likapasuka kwa kicheko. Baada ya hapo kila mzee alipita kuchukua shikamoo yake na chupa yake. Kufikia adhuhuri meza ilikuwa nyeupe, sauti yangu imekauka, na Mama anacheka huku anafuta macho.

Sasa niko kidato cha tatu na tenga halinipiti mabegani. Majuzi tulikwenda Tanga kwa michezo ya shule, nikaikuta nembo yetu kwenye rafu ya duka ambako hakuna anayemjua Mama wala Gare. Dada mmoja akachukua chupa bila kuuliza chochote. Nikafurahi, kisha wivu ukanishika: mimi nilimwaga jasho la mwaka mzima, kumbe kiduara cha karatasi kinauza kimekaa tu! Ila huku nyumbani hakuna anayekitaja. Wanasema, "Nipe ile jamu ya yule aliyeanguka." Tanga wananunua duara, Gare wananunua anguko langu, Mama anawapikia wote. Kwa kweli sijawahi kuanguka mahali pazuri zaidi.