Siri ya korosho zangu imefichuka Chuno

Mtwara nzima hakuna mkaanga korosho wa kunifikia mimi. Mkibisha, mnanionea wivu tu.

Ndivyo nilivyotamba leo mbele ya kongamano la wajasiriamali, hapo Chuno.

Mkufunzi wa kongamano akafungua pakiti yangu moja, akatafuna korosho. "Tamu! Kijana, unajuaje kama zimeiva?"

Jamani, jasho! Mimi hata mwiko sijawahi kushika.

Nyuma ikasikika sauti: "Zikianza kugeuka rangi unaepua, joto lake linamalizia!"

Dada yangu Somoe. Mkaangaji mwenyewe, niliyemkalisha nyuma alinde mabegi.

Ukumbi mzima kicheko. Mkufunzi akaniambia, "Ukitaka kukua, mtaje mwenzio," kisha akanunua pakiti zote. Nikapumua!

Mwenye dawa ya dada aliyenuna aandike hapa chini. Toka Chuno mpaka Mikindani hajanisemesha, na haki anayo.