Dirisha la Chumba cha Pasi

Akello alifika Busia na begi moja. Alitoka Kiyeyi, upande wa Tororo, kwenye boma la mumewe Olweny, alikokaa miaka mingi bila kujaliwa mtoto. Olweny hakumfukuza. Alioa mke wa pili, na mke huyo alipojifungua, watu wa boma wakaanza kusahau kumwita Akello chakula kikiiva. Asubuhi moja akafunga vitu vyake, akaaga, na hakuna aliyemuuliza atarudi lini.

Hajati Mastula, mama mwenye gesti karibu na mpaka, akampa kazi ya kufua na kupiga pasi. Wageni wa gesti walikuwa madereva wa malori wanaongoja karatasi zao zipite forodhani. Walilala, wakaondoka, shuka zikabaki. Akello alizijua shuka za watu ambao sura zao hakuwahi kuziona: huyu anavuta sigara kitandani, huyu ana kidonda, huyu hakulala kabisa.

Chumba cha pasi kilikuwa ghorofani, upande wa nyuma. Mbele ya gesti malori yalinguruma kutwa nzima, lakini dirisha lake yeye lilitazama nyua za watu, kamba za nguo, na mtaro mwembamba wa maji machafu. Upande huu wa mtaro ni Uganda, ng'ambo ni Kenya. Kuku walivuka watakavyo.

Ng'ambo ya mtaro, mkabala na dirisha lile, aliishi kikongwe mmoja peke yake. Kila asubuhi alitandaza turubali lake, akamwaga vipande vya muhogo vikauke, kisha akaketi kwenye kigoda, mgongo ukutani. Akello naye wakati huo alikuwa akizikung'uta shuka dirishani kabla ya kuzipiga pasi. Kikongwe aliinua mkono, akaupunga hewani mara mbili tatu, halafu akaurudisha magotini. Akello alidhani anafukuza kuku.

Bila kukusudia, akaanza kumzoea. Akajua siku ambazo mguu unamsumbua, kwa jinsi alivyoshikilia ukuta. Akajua kitenge chake cha kanisani. Jioni, akisonga ugali wake wa mtu mmoja, alijikuta akiwaza kama yule mama naye amekula. Lakini hakwenda kumsalimu. Angeanzia wapi? Angesema kwamba amekuwa akimchungulia?

Siku moja mchana mawingu yalipanda kutoka upande wa ziwa, meusi, yakaja kwa haraka. Nyua zote zikachangamka. Wanawake walitoka mbio kuanua nguo na mtama. Turubali la kikongwe peke yake lilibaki wazi, muhogo umetapakaa juu yake, na hakuna mtu. Asubuhi kigoda kilikuwa kitupu, lakini Akello alidhani mama amekwenda sokoni. Akello alisimama na pasi mkononi akingoja mlango wa nyumba ile ufunguke. Matone ya kwanza yakagonga mabati. Mlango haukufunguka.

Akaisimamisha pasi, akachomoa waya, akashuka ngazi. Njia ilipitia nyuma ya choo cha gesti hadi kwenye ubao uliolazwa juu ya mtaro. Askari aliyekuwa amejibanza chini ya paa la kibanda akamuuliza anakwenda wapi na mvua hii.

"Nakwenda kuanua muhogo," akasema, na askari akampisha.

Aliukusanya muhogo wote ndani ya turubali, akaliburura mpaka barazani. Ndipo aliposikia sauti ndani, ndogo, kama ya mtu anayejisemea. Akasukuma mlango. Kikongwe alikuwa sakafuni karibu na mafiga, mguu umepinda vibaya chini yake. Alikuwa ameanguka tangu asubuhi, mara tu baada ya kumwaga muhogo. Aliita mpaka koo likakauka.

Akello alimfunika, akamnywesha maji kidogo kidogo, kisha akakimbilia nyumba ya jirani. Akamkuta Caro, mwanamke aliyeuza samaki, naye akapiga simu kutafuta gari. Mvua ilikuwa imeharibu barabara na gari lilichelewa. Muda wote huo Akello aliketi sakafuni, kichwa cha mama yule kikiwa mapajani mwake. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumwegemea.

Kikongwe alimtazama sana kwa macho yenye ukungu.

"Wewe ndiye wa dirishani," akasema.

"Ulikuwa unaniona, mama?"

"Sura siioni. Lakini kila asubuhi unanipungia kitambaa cheupe. Nami nakujibu. Nikamwambia mwanangu, hata nikifa hapa, yuko mtu ng'ambo atakayejua sijaamka."

 Akello alizikumbuka shuka zile, vumbi la madereva alilokuwa akilikung'uta, na mkono ule aliodhani unafukuza kuku. Siku zote hizo alikuwa akisalimiwa.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni mimi."

Aliporudi gesti, gari likiwa limempeleka mama hospitalini, ameloa na amechafuka matope, Hajati Mastula alikuwa juu akimalizia shuka mwenyewe. Akello alimweleza yaliyotokea. Hajati alimsikiliza bila kugeuka, halafu akamwambia ajaze chai kwenye chupa, ampelekee mgonjwa kabla giza halijaingia.

Kikongwe alilazwa kwa wiki kadhaa hospitalini, upande wa Kenya. Nyonga ilikuwa imevunjika. Akello alikwenda kila Jumapili, akamchana nywele na kumkata kucha, na wauguzi wakadhani ni bintiye. Hakuna kati yao wawili aliyewasahihisha. Mama yule alimfundisha kumwita Tata, kama wajukuu wa Kiteso wanavyowaita bibi zao, na akamcheka alivyoshindwa kutamka maneno mengine. 

Kisha mwanawe, Ikwap, akaja kutoka Kitale. Alikuwa mtu mpole, mwenye haya kidogo. Alimshukuru Akello mbele ya wagonjwa wote, akasema mama hawezi tena kuishi peke yake, atamchukua. Lilikuwa jambo la haki na Akello alilijua. Akamfungia Tata vitenge vyake. Garini, Tata aliushika mkono wake akauliza, "Sasa asubuhi utamsalimu nani?" Akello akajibu kwamba majirani ni wengi.

Ile nyumba ilipangishwa. Wapangaji walizungushia ua mabati marefu, wakaanza kuosha pikipiki ndani. Kutoka dirishani Akello sasa aliona mabati, na povu lililotiririka kwa chini likiingia mtaroni. Mchana mmoja alimwomba Hajati wahamishie meza ya pasi upande wa mbele. Hajati alikubali, lakini alipoijaribu siku chache, zile nyuso za madereva waliotazama moja kwa moja mbele yao zilimchosha. Akairudisha meza mahali pake.

Ikwap alikuwa amemwachia namba ya simu. Akello aliahirisha kupiga mpaka Jumapili moja baada ya Pasaka, alipomaliza kufua na chumba kilikuwa kimya sana. Ikwap alipokea, akafurahi, akaenda kumpa mama simu. Alimwonya kwamba siku hizi mama anachanganya watu.

"Tata, ni mimi Akello. Wa Busia."

Tata akamjibu kwa Kiteso. Alimwita kwa jina la mtu mwingine, labda dada, labda binti aliyekufa zamani, kisha akaanza kusimulia jambo refu, kwa sauti ya raha, akicheka hapa na pale. Akello hakuelewa ila neno moja moja. Aliketi juu ya rundo la shuka safi, simu imebanwa sikioni. Kila Tata aliponyamaza kidogo, kama anayengoja jibu, Akello aliitikia "ee," na masimulizi yakaendelea, mpaka salio likaisha.