Stesheni ya Bibi na Mdogo Wake

Juzi nilikwenda Segerea kutafuta mbao, nikajikuta nateremka hadi relini. Ndugu yangu, stesheni yetu imemezwa na magugu, na kibanda cha kukatia tiketi sasa ni mahali pa kuoshea pikipiki. Kijana mwenye kazi yake hajui kama treni iliwahi kusimama hapo. Roho iliniuma.

Sisi ni watu wa bara, tulihamia Dar na bibi yetu. Mdogo wake alibaki Tabora, na kila baada ya mavuno alikuja kwa treni na karanga, asali na uyoga mkavu. Jukwaa letu lilikuwa fupi, mabehewa ya nyuma yalisimamia majanini. Basi wale dada wawili waligawana doti moja ya kanga, kila mmoja upande wake. Treni ikipunguza mwendo, mdogo mtu hupunga wake dirishani, bibi hupunga wa kwake, nasi watoto tunajua behewa la kukimbilia. Jioni nyumba nzima ilinukia karanga za kukaanga, na wao walicheka mpaka tukakosa usingizi.

Kisha stesheni ikafungwa. Huko Tabora nani angemwambia? Simu hatukuwa nayo. Msimu ulipofika, bibi alikwenda relini kila treni ya bara ilipopita, nasi nyuma yake. Siku moja kanga ikatokea dirishani, ikapungwa, na treni ikapita kwa mwendo uleule. Bibi alikimbia kando ya reli akimwita mdogo wake kwa jina la utotoni.

Alikwenda mjini kumtafuta, akalala huko huko. Lakini mdogo wake, ambaye Dar yote aliijua kwa stesheni ile tu, alihifadhiwa na abiria mwenzake, na asubuhi akapanda treni ya kurudi, akitumaini kwamba hiyo ingesimama kwetu. Aliyemwona ni jirani yetu, muuza maandazi.

"Kapunga mpaka kwenye kona," alimwambia bibi aliporudi. "Nikampungia mie, na kitambaa changu cha maandazi."

Bibi alimshukuru, akaingia ndani. Masika hayakuisha, tukaletewa habari za msiba kutoka Tabora.

Siku hizi inapita treni ya umeme, nzuri kweli, ila madirisha yake hayafunguki. Bibi naye tulishamzika. Upande wake wa kanga ninao mimi kabatini, bado mzima. Ule wa mdogo wake sikuuona tena.