Kinyimi Alilelewa na Nani?

Katika siku zote za usichana wangu, mwanangu, ninayoikumbuka zaidi ni siku ya tatu ya arusi ya binti ya mjomba wangu, hapa Kasongo, nilipouchekesha uwanja mzima nikamwumiza mtu mmoja. Jana uliponisimulia ile hadithi yako ya mama wa kambo mbaya, kisha ukanung'unika kwamba haikolei, nilicheka moyoni. Nilijiona mimi mwenyewe! Kaa basi, nikwambie.

Nilikuwa na miaka kama kumi na sita. Tulikuwa tumetoka Kabambare kwa miguu, mimi na mama yangu na shangazi zangu. Na arusi za wakati ule hazikuwa za kula wali na kwenda zako! Ilikuwa siku saba. Asubuhi wanawake walitwanga mpunga, na baada ya sala ya adhuhuri walikaa kwenye mikeka uani, wasichana wakashindana kusimulia hadithi, sisi wa Kabambare upande huu, wenyeji wa Kasongo upande ule. Atakayeshinda ndiye angeongoza nyimbo siku ya kumpeleka bibi arusi kwa mumewe. Loo, jinsi nilivyokitaka kile cheo! Hata kula nilikuwa sili vizuri.

Nilisimulia habari za Kinyimi, msichana mchoyo. Kila akila, Kinyimi alificha chakula darini, mpaka panya wakajaa, dari ikakatika, akaangukiwa na mihogo mikavu kichwani. Watu walicheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Walicheka hivyo kwa sababu walimjua. Pale nyumbani kwa mjomba palikuwa na mpishi mmoja, Mama Feza, mwanamke wa makamo, aliyekuwa na tabia ya kuchukua kipande cha chakula kila mlo na kukifunga kwenye pindo la nguo yake. Mimi niliiga mwendo wake, na jicho lake la pembeni, na vile alivyokuwa akifunga lile fundo. Wanawake walikuwa wakitazama mlango wa jiko, wananitazama mimi, wanacheka tena.

Mama Feza alikuwa amesimama palepale mlangoni, upawa mkononi. Akageuka, akaingia ndani. Nilimwona, mwanangu. Nilimwona na sikunyamaza, maana kicheko cha watu ni kitamu.

Nilipomaliza nikamtazama Bibi Zaina. Huyo alikuwa mkubwa kuliko wanawake wote pale uani, na ndiye aliyekuwa mwamuzi. Hakuwa amecheka hata kidogo.

"Sakina," akasema, "uyu Kinyimi wako, nani alimuzaa?"

"Hadithi haisemi, bibi."

"Nani alimulea?"

Nikaanza kuchokoa ukindu wa mkeka.

"Wewe unaongea sawa na mama yako, mikono inaruka-ruka. Ata kuku wangu, namna ya kuparua alifundishwa na mama yake. Lakini uyu wako, ametoka wapi? Si mutu uyu. Iko nguo umevisha mti shambani, ndege waogope."

Sasa kicheko kikawa juu yangu! Masikio yalikuwa yanawaka moto.

"Kesho utasimulia tena," akasema Bibi Zaina. "Lakini kwanza enda ukamwulize mwenye ule mwendo."

Basi nikaenda jikoni jua lingali juu. Mama Feza alikuwa anaparuza magamba ya samaki mkubwa aliyeletwa kutoka Nyangwe. Nikapiga magoti.

"Mama, unisamehe."

Akaendelea na samaki wake. Nikabaki magotini mpaka yakauma. Hatimaye akasema, bila kuniangalia: "Mwendo uliuweza. Fundo ndilo ulikosea."

Akanawa mikono, akashika pindo la nguo yake, akanionyesha. "Unazungusha mara mbili, unabana hivi. Ukikimbia, haifunguki."

"Nani alikufundisha, mama?"

"Mama yangu."

Akanieleza kwa maneno machache. Kijiji chao kilichomwa moto alipokuwa mtoto, wakakamatwa na kutiwa njiani na watu wa msafara wa watumwa, yeye na mama yake. Jioni waligawiwa kipande cha muhogo. Mama mtu alikuwa anakula nusu ya chake, na nusu nyingine anaifunga kwenye nguo ya binti yake, akisema, "Hii ya kesho." Kila jioni hivyo hivyo, hata siku alizokuwa hana nguvu ya kusimama. Yule mama hakufika Kasongo.

"Watu wanasema mimi muchoyo," akasema Mama Feza. "Mimi nikifunga fundo, ninamusikia."

Mwanangu, nilikuwa na aibu ya kutosha kunizika, na papo hapo kichwa changu kilianza kukimbia! Kumbe lile fundo nililolifanyia mzaha lilikuwa ni mapenzi ya mama! Kumbe Kinyimi anaweza kuwa na kwao! Nikamwomba ruhusa ya kulitia hadithini.

"Chukua fundo," akasema. "Jina langu acha. Na habari za njiani acha. Zile iko zangu."

Kesho yake nikasimama tena. Kinyimi sasa alizaliwa katika kijiji kilicholiwa na nzige, akalelewa na mama aliyejinyima ili amfungie chakula kwenye nguo. Akakua, akaolewa mbali, nyumba yenye ghala tele, na mkono wake haukuweza kuacha kuficha. Mama mkwe akamtukana mchoyo. Kisha nikawaletea nzige kule alikoolewa! Ghala likaisha, mama mkwe akalala mkekani, midomo imekauka. Wanawake walisogea mbele. Mmoja akaniambia, "Sema, mutoto, sema!"

Mwisho nilikuwa nimeupanga. "Kinyimi akaangua kilio, akaleta akiba yake yote, akaimwaga miguuni kwa mama mkwe, akasema, nisamehe..."

"Hapana!"

Ilikuwa sauti ya Mama Feza. Alikuwa ametoka jikoni, amesimama katikati ya wageni, mahali ambapo hajawahi kusimama.

"Uyo hawezi kumwaga," akasema. "Mutoto wa mama yule, amwage chakula chini? Hata punje! Na kulia, atalia saa ngapi? Atakaa chini, atakata kipande kidogo, atamutia mama mkwe mudomoni. Kingine atamufungia kwenye nguo. Atamwambia, hii ya kesho."

Kisha uwanja ukalipuka! Vigelegele, vinu vinagongwa kwa michi, mama yangu analia na kucheka, wasichana wa Kasongo tunaoshindana nao wamenirukia shingoni. Nami nilikuwa naruka kama mtoto, maana nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu Kinyimi akikataa maneno yangu na kuchagua yake!

Bibi Zaina alipotaja mshindi, hakunitaja mimi wala mwenyeji. Alisema nyimbo zitaongozwa na Mama Feza. Mpishi, mbele ya bibi arusi! Wapo walionuna. Yeye aliimba, sisi tukamwitikia njia nzima, na sijapata kuitikia kwa furaha kama siku ile.

Sasa rudi kwa mama yako wa kambo, mwanangu. Nani alimbeba mgongoni? Akilia alinyamazishwa kwa wimbo au kwa kofi? Kwao walisifu nini, walificha nini? Ukishayajua hayo, hutahitaji kumsukuma, atatembea mwenyewe. Lakini usimfunge kamba kwa malezi yake. Mimi na dada yangu tulinyonya ziwa moja, tazama tulivyo tofauti. Kinyimi alifundishwa kufunga; kumfungia aliyemtukana, hilo alilichagua yeye. Na kama umemchota kwa mtu aliye hai, nenda kwanza ukapige magoti jikoni kwake.

Mungu akupe masikio kabla ya ulimi, mwanangu. Akupe watu wa hadithi watakaokubishia, na wasikilizaji watakaosimama kukusahihisha. Haya, nenda kaanze.