Goli Lililopita Juu ya Ndagala Zangu

Ndagala za siku ile, dagaa wetu wa ziwani, zilikuwa zangu mwenyewe, za kwanza maishani. Miaka yote nilikausha za shemeji yangu, kaka wa mume wangu, mwenye mitumbwi, ambaye kunilipa kwake ni kama kunipa sadaka. Sasa nilikuwa nimepata mnunuzi wa Bujumbura, mama mmoja asiye na masihara. Aliniambia, "Ukinipa zisizo na mchanga, nachukua kwako kila wiki. Zikiwa na mchanga, usinisumbue tena." Kwangu hiyo ilikuwa ndiyo njia ya kumkimbia shemeji.

Nilizitandaza juu ya maturubai ufukweni, nyuma ya banda la kuonyeshea mpira, maana hapo jua linapiga vizuri. Wanaume wa Rumonge goli likiingia hawatulii kwenye viti. Lazima wakimbilie ziwani na nguo zao, wajitose mpaka kichwa. Sawa, waoge! Lakini njia yao iko pembeni, tangu zamani, na asubuhi nilimwonyesha mume wangu maturubai yangu kwa kidole. Akaitikia, "Nimeona, mama watoto."

Mchana timu ya Kongo ilikuwa inacheza Kombe la Afrika, na nusu ya mtaa wetu babu zao walitoka ng'ambo hiyo. Dakika za mwisho nikasikia banda limelipuka. Yalaa! Hawakupita pembeni. Walibomoa ukuta wa matete, wakamwagika wote juu ya ndagala zangu, miguu peku, viatu, mchanga unaruka. Nilipiga kelele, "Ndagala! Jamani, ndagala!" Nani anasikia? Aliyekuwa mbele kabisa, shati mkononi, alikuwa mume wangu.

Nikaingia bandani nimtafute mwenye banda nimtukane. Hakuna mtu, hata yeye alikuwa majini. Televisheni ilikuwa inajisemea peke yake, na mwamuzi amesimama kwenye kideo chake pembeni mwa uwanja, analiangalia goli upya. Akarudi uwanjani, akakataa goli. Kumbe mfungaji alikuwa ameotea.

Wallahi, nilifurahi. Nilitoka mpaka ukingoni mwa maji nikawaambia kwa sauti yote niliyonayo: "Limekataliwa! Tokeni, limekataliwa!"

Walisimama na maji kiunoni, wananitazama kana kwamba filimbi ilikuwa mdomoni mwangu. Mmoja akasema, "Huyu mwanamuke iko na mukosi." Na mume wangu, mume wangu wa ndoa, akadakia, "Ungenyamaza tu! Ulikuwa unatafuta nini kule ndani?"

Hasira iliyonipanda siku ile haijashuka mpaka leo. Watu wazima wanalilia goli ambalo halikuwapo, na ndagala zilizokuwapo wanazikanyaga tena wakitoka!

Mnunuzi alifika jua halijapoa. Nilikuwa nimepepeta mpaka mikono inauma. Alichukua moja, akaitafuna, akatema. "Murakoze," akanishukuru kwa Kirundi, akaenda kwa jirani.

Jioni mume wangu alikuja na marafiki wawili kuomboleza. Wametuibia, mwamuzi kanunuliwa, kideo kimetengenezwa, basi maneno chungu nzima. Nikawapikia. Ndagala zilezile, kwa mawese yanayotoka kule Kizuka, na ugali moto. Walipotia mdomoni nikasikia meno yanasaga.

"Iko muchanga!" akasema rafiki mmoja.

"Kula," nikamwambia. "Ndiyo goli lenu hilo."

Marafiki wakaaga haraka haraka. Mume wangu akabaki na sahani yake, na hapo ndipo akauliza, "Kwani yule mama wa Bujumbura alisema nini?"

"Alisema murakoze."

Akainamisha kichwa, akala zote, mchanga na yote. Sikumwonea huruma. Alfajiri yake nilikuwa tena ufukweni, nimeinama, natandaza ndagala za kaka yake.