Mpanda Kibo wa Makambako

Kwa miaka ishirini na saba Joackim Mwalongo alituambia kwamba amefika kilele cha Kilimanjaro, na kwa miaka hiyo yote tulimwacha aseme. Alikuwa dalali wa mbao hapa Makambako, mtu wa maneno mengi na kazi chache. Penye watu zaidi ya watatu, iwe msibani, iwe kwenye mahari, iwe kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mlima wake ulikuwa lazima upandwe. Marehemu mmoja wa kijiji cha Kichiwa alichelewa kuzikwa kwa sababu Joackim, aliyepewa dakika mbili za kutoa salamu za majirani, alikuwa bado hajafika kwenye barafu.

Kidevuni alikuwa na kovu. Alisema aliteleza karibu na kilele, barafu ikamkata, akajifunga kitambaa na kuendelea kupanda.

Angeishia kujisifu tu, tungevumilia. Lakini Joackim alikuwa na dharau. Mwezi wa saba, wakati Njombe nzima imejikunyata na umande umegandia kwenye majani, alifungua vifungo viwili vya shati makusudi na kutuuliza, "Na hii mnaiita baridi?" Aliyeinywa dharau hiyo kuliko sisi sote ni mkewe, Yunis Tweve, Mkinga wa Iwawa kule Makete. Mbele ya wageni Joackim alipenda kusema, "Huyu nilimtoa kwenye ukungu. Alikuwa hajui mlima, anajua matuta ya viazi." Yunis aliendelea kumenya alichokuwa akimenya. Tulidhani ni upole. Siku moja aliniambia mwenyewe kwamba aliacha kumsikiliza tangu binti yao Stella alipokuwa darasa la pili.

Mwaka juzi kwaya yetu ilialikwa kwenye jubilei ya parokia moja ya migombani, juu ya mji wa Moshi. Telesia, mwenyekiti wetu, alipendekeza tukimaliza kuimba tubaki siku mbili tuutembee mji. Joackim hakuwa mwanakwaya, ana sauti ya bati likikatwa, lakini Yunis aliimba sauti ya pili, na mume akajipachika kwenye safari kama kiongozi wa msafara.

"Moshi ni kiganja changu," alisema.

Kiganja hicho kilitupoteza asubuhi ya kwanza. Alituambia anatupeleka kwenye stesheni ya reli ya zamani, akatuzungusha mpaka tukatokea kwenye karakana ya matairi. Telesia alimuuliza mama mmoja aliyekuwa akifagia, akatuonyesha njia kwa ufagio. Joackim alisema stesheni imehamishwa. Tulipofika tukakuta jengo lenyewe, limechoka, limesimama pale pale lilipojengwa tangu enzi za wakoloni.

Mlima ulikuwa umejifunika siku nzima. Jioni wingu lilipasuka upande mmoja, kikatokea kilele cheusi chenye meno kama msumeno. Joackim alinyoosha mkono.

"Kibo ile. Nilipita pale kwenye lile pengo."

Mama aliyekuwa akichoma ndizi kando yetu hakuacha hata kupepea mkaa. "Hiyo ni Mawenzi, baba," alisema. "Kibo iko kushoto kwako, bado haijafunuka."

Tukasubiri. Baada ya muda wingu la kushoto lilishuka polepole, na Kibo ikatokea juu kuliko tulipokuwa tukitazama, pana, nyeupe, imetulia. Yunis alishika kifua, akatazama mpaka mwanga ulipopungua. Hata mimi niliyekuja na roho ya kudharau kila kitu ambacho Joackim alikuwa amekisifia, niliona kwamba mlima hauna kosa.

"Majina wameyabadilisha," Joackim alisema.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Old Moshi, ambako Wajerumani waliwanyonga machifu mwaka 1900. Mwenyeji wetu, dada mmoja wa Marangu anayeitwa Aneth, mwenye kazi ya kuongoza wageni, alitusimamisha penye mti. Alizungumza taratibu. Alituambia habari za Mangi Meli, mmoja wa machifu hao, kwamba inasemekana kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na kwamba wajukuu wanakitafuta hadi leo ili wakizike. Telesia alikuwa amevua kofia yake ya sufu. Ndipo Joackim akakohoa.

"Mimi kipindi kile napanda," alianza, "nilipita hapa hapa na mzigo wangu mgongoni..."

Aneth alimngoja amalize. Hakumaliza. Alikwenda mpaka kwenye barafu, akateleza, akajifunga kitambaa. Nilitamani ardhi immeze, lakini ardhi ya watu wale imemeza watu wa maana, isingemtaka.

Kutoka pale gari lilitupeleka Marangu, kwenye lango la hifadhi. Aneth alisema wenye nguvu wanaweza kupanda naye mpaka Mandara, kituo cha kwanza, na kurudi kabla ya jioni. Karibu na lango palikuwa na mzee mmoja anayekodisha makoti na fimbo za kutembelea. Joackim alimwendea kifua mbele.

"Sisi wengine hatuhitaji fimbo, mzee mwenzangu. Mimi ni mtu wa mlima huu. Joackim, wa Njombe."

Mzee alimtazama usoni, halafu kidevuni. Uso ukamfunguka kwa furaha ya kweli.

"Joackim wa Njombe! Ni mimi Elius. Ashukuriwe Mungu, kumbe ulipona."

"Umenifananisha."

"Nikufananishe vipi, nami nilishika machela upande wa miguu?" Elius alitugeukia, akidhani anatupa habari njema. "Huyu alikuja kutafuta kazi ya upagazi, akapewa mfuko wa viazi. Hatukufika hata Mandara. Kichwa kikamshika, akatapika, akawa anamwita mama yake. Tukamshusha. Njiani mwenzangu akateleza kwenye mizizi, mgonjwa akatuponyoka, akaangukia kidevu. Hilo kovu ni sisi, ndugu yangu. Nimekaa na hatia miaka yote hii. Nisamehe."

Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Joackim hakuweza kuutoa mkono. Mtu wa besi nyuma yangu alianza kucheka, Telesia akamtazama, akaacha.

"Kuugua si aibu," Elius aliongeza. "Mlima huu umeshusha wengi wenye nguvu."

Ni kweli, si aibu. Angetuambia kwamba alikwenda, akaugua, akabebwa na watu wema, tungempa kiti na kumsikiliza. Badala yake alichukua jeraha alilopata akiwa amelazwa, akatupiga nalo miaka ishirini na saba.

Yunis alisogea mbele. Alimsalimia Elius kwa kupiga goti kidogo, akamshukuru kwa kumwokoa mumewe, kisha akachagua fimbo.

"Mama Stella, unakwenda wapi?" Joackim aliuliza.

"Mandara."

"Wewe? Kwa miguu hiyo? Kule hewa ni nyepesi, utaanguka."

"Nikianguka, Mzee Elius anajua kubeba."

Tulikwenda sita pamoja na Aneth. Mume alibaki kwenye benchi la langoni akisema goti linamsumbua. Njia inapita msituni, miti imeota ndevu za kijani, maji yanachuruzika kila mahali. Baada ya saa moja na nusu mimi nilikuwa nahema kama mbwa. Yunis, mwenye miaka hamsini na sita, alitembea kwa mwendo ule ule aliotoka nao langoni, mwendo wa mtu aliyekulia kwenye miinuko ya Makete, anayepanda na kushuka na mzigo wa viazi kichwani tangu utoto. Mara mbili Aneth alimwomba apunguze mwendo kwa ajili yetu.

Alipofika Mandara alitazama nyumba za mbao, moshi wa jikoni, wageni wa Kizungu waliojikunja ndani ya majaketi. Ukungu ulikuwa unapita. Alivuta pumzi ndefu.

"Mbona ni kama kwetu," alisema.

Aneth akampa chai. Yunis akanywa, akauliza, "Kwa hiyo hapa hakufika?"

"Kwa maelezo ya Mzee Elius, hakufika."

Yunis akatikisa kichwa, akaomba kikombe cha pili. Hakucheka na hakulia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunua sufuria inayofoka siku nzima akakuta maji matupu.

Njiani kurudi Makambako Joackim alikaa kiti cha mbele, hakuongea mpaka Iringa. Nilidhani amepona. Wiki ya tatu nilimkuta stendi akiwaeleza watu kwamba mke wake amepanda Kilimanjaro, na kwamba mazoezi alimpa yeye. Nilirudia maneno hayo kwa Yunis, nikitegemea atakasirika.

"Hasira ni ya mtu unayemhesabu," alinijibu.

Mvua zilipoanza Yunis alikwenda Iwawa, kwenye shamba aliloachiwa na baba yake, ambalo kaka zake walikuwa wamelitelekeza. Alisema anakwenda kupanda viazi na kurudi. Alipanda, akapalilia, akavuna, akapanda tena. Hakutangaza kwamba ameachana na mtu. Stella alimpelekea godoro na jiko.

Nilimtembelea mwezi wa sita. Tulikuwa shambani, tumeinama, mikono imekufa ganzi kwa udongo wa baridi, simu yake ikaita. Alikuwa Joackim, na sauti yake ya bati ilisikika mpaka nilipokuwa. Alitaka kujua chumvi inawekwa wapi.

"Tafuta," Yunis alisema, akairudisha simu mfukoni, akaingiza jembe chini ya shina linalofuata.